Kwa Dada Taratibu: yoga ya Kitibeti hapa Kigoma, na kama inastahili hela yako

Nianze na hela, maana najua ndilo swali la kwanza. Kipindi kimoja ni shilingi 5,000, kinachukua saa moja na robo, na kikombe cha chai ya tangawizi kimo humo humo. Vipindi ni Jumanne na Alhamisi jioni. Ukilipia mwezi mzima unapunguziwa mpaka 35,000. Kwa hapa Kigoma hiyo si hela ya kuokota. Mimi elfu tano naipata kwa kupunguza suruali na kubadilisha zipu, tena siku ambayo wateja hawajanipiga kalenda.

Darasa lenyewe halina bango. Liko ghorofani, upande wa mjini ukiteremka kuelekea stesheni, chumba kirefu chenye sakafu ya saruji iliyopakwa rangi nyekundu na madirisha yanayotazama ziwa. Ukimwambia bodaboda akupeleke "kwenye yoga" atakutazama tu. Mwambie "kwa Dada Taratibu" na atakufikisha mlangoni. Mwalimu ni binti wa hapa hapa, umri wake ni wa mwanangu wa kwanza, kazi yake ya mchana ni kunyoosha viungo vya wagonjwa, na haya mazoezi alijifunzia Nairobi. Jina kalipata kwa sababu hilo ndilo neno lake: taratibu mama, taratibu, hakuna anayekufukuza.

Mimi ni fundi cherehani. Nipo Mwanga, karibu na soko, nashona vitenge, mashela ya bei nafuu na sare za shule. Anayeijua kazi hii anajua inavyomkunja mtu: kichwa mbele, mabega juu, mikono inasukuma kitambaa, miguu inakanyaga, macho kwenye sindano. Januari ni sare. Wiki mbili kabla ya Idi ndiyo usiseme, mtu analeta kitambaa usiku wa kuamkia sikukuu na anataka mshono aliouona kwenye simu. Ikifika jioni shingo imekakamaa kiasi kwamba nikiitwa nageuka mwili mzima. Dawa za kuchua nimepaka. Kukandwa na maji ya moto nimekandwa, na shangazi yangu wa Ujiji ambaye mikono yake imekanda wazazi wa mtaa mzima. Vyote vinasaidia usiku ule, asubuhi cherehani inarudisha kila kitu mahali pake. Daktari alinipima, akasema mifupa ni mizima, tatizo ni misuli, nipunguze kuinama. Fundi apunguze kuinama! Mteja mmoja, nesi, akaona navyojishika shingo nikimpima kiuno, ndiye aliyenielekeza kule.

Wengi wakisikia yoga wanapata picha ya mtu kasimama kwa kichwa au kajifunga mguu shingoni. Hii ni tofauti kabisa. Inaitwa Kum Nye, hiyo "nye" itamke kama kwenye "nyepesi", na asili yake ni Tibet, ule uwanda ambao kwa wastani uko zaidi ya mita 4,000 juu ya usawa wa bahari. Sisi ziwa letu liko kwenye mita 770 na ushee, na bado tukipanda kutoka mjini hadi Mwanga kwa miguu tunahema. Aliyeitoa nje ni lama mmoja wa huko, yaani mwalimu wa dini ya Kibudha, Tarthang Tulku, wa madhehebu ya Nyingma, yaliyo makongwe kuliko mengine yote katika Ubudha wa Tibet. Aliondoka kwao, akafundisha India miaka ya 1960, na mwishoni mwa muongo huo akafika Marekani na kuweka makao Berkeley, California. Mazoezi ambayo kwao yalifungamana na tiba na mafunzo ya dini akayapanga upya ili mtu yeyote ayaweze, hata asiye wa imani hiyo, na mwaka 1978 yakatoka katika kitabu cha juzuu mbili. Kwa hiyo tunachofanya pale ghorofani hakikushuka moja kwa moja kutoka kwenye monasteri ya milimani, kimepitia California kwanza. Mwalimu mwenyewe hulisema hilo siku ya kwanza bila kuulizwa. Mimi nilimwamini zaidi kwa hilo, maana mwuzaji ambaye hakufichi kitambaa kimetoka kiwanda gani ni adimu.

Sasa twende kwenye mazoezi yenyewe. Unakaa kwenye mkeka wa ukindu, chini yako kuna mto mgumu. Miguu unaikunja, magoti yakikataa, unapewa kiti na hakuna anayekucheka. Viganja juu ya magoti. Mgongo wima. Shingo inarudi nyuma kidogo, kidevu kinaingia ndani. Macho nusu wazi, yakitazama chini. Mdomo wazi kidogo, ncha ya ulimi imegusa kaakaa nyuma ya meno ya juu. Halafu unapumua kwa pua na mdomo kwa wakati mmoja, polepole, pumzi isisikike. Jaribu hapo ulipo. Utaona ni kitu rahisi kinachokataa: mara pua inachukua yote, mara mdomo, mara mate yanajaa. Nilitumia kipindi kizima cha kwanza kupigana na mate yangu. Lakini ikikubali, pumzi inakuwa nyembamba na ndefu, na moyo nao unapunguza mbio wenyewe. Hapo hakuna muujiza. Ukitoa pumzi kwa muda mrefu mapigo ya moyo hupungua, hata ukipima kwa vidole viwili kwenye kifundo cha mkono utayasikia.

Zoezi lililonifanya nirudi ni la mabega. Unayapandisha polepole kuelekea masikioni, kama mtu anayesema "sijui" lakini kwa mwendo wa kobe. Yakifika juu unayaacha pale, shingo inazama katikati, unapumua, kisha unayashusha kwa mwendo ule ule uliopandia. Basi. Siku ile mwalimu alisema pandisheni, wenzangu wakapandisha, mimi nikajikuta sina pa kupandisha. Mabega yangu yalikuwa juu tayari! Yamekaa huko miaka na mimi nadhani ndiyo umbo langu nililozaliwa nalo. Mwalimu akaja nyuma yangu, hakunigusa, akauliza, "Mama, unaona yako wapi sasa?" Nikasema naona. Akasema, "Basi anzia hapo hapo, pandisha kidogo tu, kiasi cha unene wa kitambaa." Nikapandisha hivyo. Yaliposhuka yalipita pale nilipozoea na kuendelea kushuka, na kitu kama joto kikanitembea kutoka kwenye ukosi hadi kwenye viwiko. Nilitaka kulia, sijui kwa nini. Jirani yangu, mama mmoja anayeuza dagaa Kibirizi, yeye alicheka kwa nguvu alipofika kwenye zoezi hilo, na mwalimu akaacha wote tuwe tulivyo.

Mama huyo, kwa taarifa yenu, huja zaidi wakati wa mbalamwezi. Dagaa huvuliwa gizani kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu mitumbwi mingi inapumzika na yeye anapata jioni yake. Hakuna ratiba ya yoga duniani iliyopangwa namna hiyo, nadhani.

Zoezi jingine ni la mikono. Unasimama, unaiinua kutoka mapajani kupitia ubavuni hadi juu ya kichwa, na safari hiyo ichukue dakika nzima. Kisha dakika nyingine kuishusha. Usidharau. Ikifika usawa wa mabega inaanza kutetemeka, unatamani kuirusha tu ifike, na pale ndipo unapoiona haraka yako yote imesimama uchi mbele yako. Tunaye mzee mmoja mstaafu wa reli ambaye hilo zoezi analifanya vizuri kuliko sisi wote, mikono inapanda bila hata kutikisika. Tulipomuuliza siri yake akasema ameisubiri treni ya Dar maisha yake yote, dakika moja ni nini.

Lakini nije kwenye kitu ambacho hasa unalipia, maana hapa ndipo watu wanapokata tamaa na kudai wameibiwa. Baada ya kila zoezi mnakaa. Dakika tano, wakati mwingine kumi. Hamfanyi chochote. Mnasikiliza mwili ulivyobaki: wapi pana joto, wapi panawasha, wapi pamekufa ganzi. Katika saa moja na robo mtafanya mazoezi matatu, yakizidi manne. Kijana mmoja wa gym alikuja, akaondoka katikati akisema amelipa elfu tano kukalishwa. Kwa hesabu yake yuko sahihi. Ila mimi nasema ukiutoa ule ukaaji, kilichobaki ni viungo vya shule ya msingi ambavyo unaweza kuvifanya bure nyumbani. Nguvu ya darasa hili iko kwenye kukaa. Pale ndipo mwili unapopata nafasi ya kuona kwamba umeachiwa, kwa sababu msuli uliokazwa mwaka mzima hauamini mara moja. Na nani kati yetu, mwanamke mwenye watoto, duka, na mama mzee nyumbani, anaruhusiwa kukaa dakika kumi bila kuitwa? Mimi nyumbani nikikaa dakika mbili wanauliza kama naumwa.

Mwisho wa kipindi mnajikanda wenyewe. Mnasugua viganja hadi vipate moto, mnavifunika juu ya macho, kisha mnakanda paji la uso, taya, nyuma ya masikio, shingo, vidole kimoja kimoja. Mafuta wanayotumia ni ya mise. Wa kutoka mbali, hayo ni ya kokwa la mchikichi, siyo mawese yale mekundu ya kupikia. Kwa ngozi ni mazuri sana, kwa pua inategemea umezaliwa wapi. Mimi yananikumbusha bibi yangu. Dada mmoja mgeni kutoka Dodoma alikuja na losheni yake kwenye mkoba, na hakuna aliyemlaumu.

Suala la dini nitaligusa kwa sababu hata mama yangu aliliuliza kabla sijavua viatu. Sisi ni watu wa Ujiji, Waislamu. Hakuna sanamu pale, hakuna ubani, hakuna kuinama mbele ya kitu. Kuna zoezi moja la kupumua ambalo asili yake lina silabi tatu, Om, Ah, Hum, ambazo ni za Kibudha, mtu anazisema moyoni pumzi ikiingia, ikitulia na ikitoka. Mwalimu anasema wazi zimetoka wapi, anasema asiyetaka ahesabu moja, mbili, tatu, na haangalii nani anafanya lipi. Mimi nahesabu. Mwenzangu Mkatoliki anasema lake analolijua. Vilevile darasa linaisha saa kumi na mbili kasorobo, na huku kwetu magharibi mwa nchi jua linachelewa kuzama kuliko Dar, kwa hiyo sala ya magharibi unaiwahi nyumbani bila kukimbia.

Sasa kasoro, na zipo.

Ya kwanza ni karatasi iliyobandikwa mlangoni. Inasema mazoezi haya yanatoa sumu mwilini, yanaondoa presha na kisukari, yanarudisha ujana. Jamani. Mtu akija na matumaini hayo atavunjika moyo, na mwingine anaweza kufanya jambo la hatari. Mama mmoja aliuliza mbele yetu kama sasa aache vidonge vya presha. Mwalimu alimjibu vizuri kuliko karatasi yake: "Meza dawa zako mama, na kliniki usikose, hapa tunalegeza tu." Nikamwuliza baadaye kwa nini basi karatasi iko pale. Akasema aliyeiandika ni kaka yake anayemsaidia matangazo. Nimemshauri aibandue. Mara ya mwisho nilipokwenda ilikuwa bado ipo.

Ya pili ni muziki. Kuna filimbi inapigwa kwenye simu iliyounganishwa na spika ndogo, na filimbi yenyewe si mbaya, ila huduma ya muziki kwenye simu haijalipiwa, matangazo yanaingia katikati. Kwa hiyo umekaa, umefumba nusu jicho, mabega yameanza kushuka, mara sauti ya mwanamume inakupigia kelele ujiunge na kubeti ushinde mamilioni. Mzee wa reli huruka kila mara. Izimwe tu. Kelele za ziwani na ndege wa kwenye miembe zinatosha.

Ya tatu hawezi kuisaidia: chini kuna fundi wa mageti, na mashine yake ya kukatia chuma haijui Kum Nye. Jumanne huwa na kazi nyingi zaidi kuliko Alhamisi, sijui kwa nini, kwa hiyo ukichagua siku moja chagua Alhamisi. Na mito ya kukalia ifuliwe mara kwa mara, maana mafuta ya mise yakikaa kwenye kitambaa harufu inageuka. Hilo ni jambo la fundi kumwambia mtu. Nimejitolea kumshonea foronya za kubadilisha, akinunua kitambaa.

Na muda. Saa kumi na nusu jioni ni muda wa watu wa ofisini wanaotoka mapema. Sisi wa sokoni ndiyo saa ambayo mteja anapita kuchukua nguo yake. Nikienda darasani namwachia duka binti ninayemfundisha kazi, na sare mbili zimeshatoka na vifungo vimepishana.

Imenisaidia? Shingo bado inauma, nisiwadanganye, hasa msimu wa oda nyingi. Kilichobadilika ni kwamba nageuza kichwa bila kugeuza kiwiliwili, na usiku nalala upande wowote ninaotaka. Kikubwa zaidi ni kwamba sasa nayakamata mabega yangu yakiwa njiani kupanda. Mafundi wenzangu mtanielewa: uzi ukikazwa mno kule juu, kitambaa kinajikunja chini, na huwezi kukinyoosha kwa kukivuta, lazima urudi kwenye kirungu cha kukazia uzi ulegeze. Basi kila nikibadilisha bobini naweka mkasi chini, napandisha mabega mara tatu kwa mwendo ule wa pole, nayashusha, nakaa kidogo. Wateja wamezoea. Mmoja aliniuliza kama nasali.

Nani aende, basi? Mafundi, makarani, walimu wanaosahihisha madaftari, madereva wa malori ya Kasulu, akina mama wa kubeba beseni kichwani, na yeyote ambaye akiambiwa "pumzika" anashika simu. Anayetaka kupunguza tumbo akajiunge na watu wa joging asubuhi, atapata jasho na nyimbo. Mwenye mkono unaokufa ganzi, maumivu ya kifua au mimba changa aonane na daktari kwanza, kisha amwambie mwalimu, naye atamwambia lipi aache.

Ukienda vaa suruali pana chini ya dera, au dera lenyewe likunjwe lisikutege. Beba khanga ya kujifunika wakati wa kukaa, upepo wa ziwani jioni unaingia madirishani. Usiende na tumbo lililojaa ugali wa muhogo na migebuka. Utasinzia, na mzee wa reli tayari anatukoromea vya kutosha. Lipia kipindi kimoja kimoja kwanza, usikimbilie ule mwezi, mpaka ujue kama unaweza kuvumilia kukaa.

Kati ya nyota tano nampa nne. Ya tano ataipata siku atakapoongeza darasa la Jumapili asubuhi, maduka yakiwa yamefungwa na fundi wa mageti yuko kwake. Nilimwambia hivyo ana kwa ana, naye akasema tatizo ni mwenye nyumba, Jumapili anaondoka na ufunguo.